SAFU YA LUGHA: Hosana si Haleluya

Siku hizi mtu akipata kazi, au timu yake ikifunga bao, anaandika "Hosana!" pale ambapo jana angeandika "Haleluya!" Maneno yote mawili yana asili ya Kiebrania, ila hayafanyi kazi moja. Haleluya ni mwito wa kumsifu Mungu. Hosana ni ombi: "Tuokoe, tafadhali!" Chimbuko lake limo katika Zaburi ya 118, na wenye shida walimlilia mfalme kwa kitenzi hichohicho. Mwanamke wa Tekoa alimwangukia Daudi kifudifudi na kumwomba hivyo.

Sasa mtazame Yesu, aliyepigiwa kelele za "Hosana" njiani kuingia Yerusalemu. Hana jeshi wala farasi wa vita. Amepanda mwanapunda, kama alivyotabiri Zekaria, tena wa kuazima, na tandiko ni mavazi ya wanafunzi wake. Kumwomba mfalme wa namna hiyo akuokoe ni jambo zito kuliko kumpigia vigelegele. Kweli, kufikia siku hiyo neno lilikwisha kuchanganyika na shangwe, na sina ugomvi na kwaya za Jumapili ya Matawi. Hata hivyo, tofauti bado ipo: Wakatoliki huiweka kando Aleluya wakati wa Kwaresima, lakini Hosana hubaki katika wimbo wa Mtakatifu.

Basi, ndugu msomaji, ukishapata kazi sema haleluya. Hosana itumie ungali unaitafuta.