Historia ya Jiko la Umeme, na Njia ya Waya Wake

 Sogezeni viti karibu na redio. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya manne: waya, volti, ampea, wati.

Leo tunasoma historia ya jiko la umeme. Swali letu ni moja. Kwa nini jiko la namna ile ile hupika vizuri katika nyumba hii, na katika nyumba ya jirani huunguza ukuta?

Kwanza tuanze na moto tunaoujua. Mama zetu walipikia mafiga matatu. Watu wa delta walikata kuni katika misitu ya mikoko, na msitu ule ndio mkubwa kuliko yote ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Boriti za mikoko zilipakiwa majahazini zikapelekwa Unguja, Omani na nchi za Ghuba, kwa sababu huko Arabuni miti ya kujengea ni adimu. Kwa hiyo mkoko ulikuwa nyumba, ulikuwa biashara, tena ulikuwa moto wa kupikia.

Moto wa kuni una moshi mbaya kwa macho na mapafu. Walakini una jambo moja jema: hauwezi kujificha. Kuni ikiwa mbichi, waiona ikitoa povu. Cheche ikirukia makuti, waiona. Moto wa umeme si hivyo. Umeme hutoa joto mahali popote waya unapouzuia usipite kwa urahisi. Ukizuiwa ndani ya jiko, tunapika. Ukizuiwa ndani ya ukuta, nyumba inaungua, na wenyewe wamelala. Basi historia ya jiko la umeme ni historia ya kazi moja: kulifanya joto litoke jikoni tu, lisitoke njiani.

Mwaka 1892, katika mji wa Ottawa nchini Kanada, bwana mmoja jina lake Thomas Ahearn aliwapikia wageni wa hoteli karamu nzima kwa umeme. Mwaka uliofuata, watu waliokwenda kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Marekani, walionyeshwa jiko la umeme. Watu walistaajabu. Lakini majiko ya siku zile yalikuwa na ugonjwa: waya wa ndani ukiwa mwekundu kwa joto, uliliwa na hewa ukakatika upesi. Dawa yake ilipatikana kwa Mmarekani Albert Marsh, aliyepewa hati ya uvumbuzi mwaka 1906. Yeye alichanganya madini mawili, nikeli na kromiamu, akapata waya unaouzuia umeme sana, tena unaostahimili joto bila kuungua. Waya wa jamii hiyo umo hata leo ndani ya sahani nyingi za majiko ya umeme.

Sasa tazameni. Jiko lina waya wa namna mbili. Ndani ya sahani mna waya wa kuzuia. Ukutani mna waya wa shaba, kazi yake kupitisha tu. Waya wa shaba ukiwa mwembamba mno, nao utazuia, nao utakuwa jiko. Hilo ndilo jibu la swali letu.

Na katika nchi yetu je? Umeme wa kwanza uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wadachi. Kampuni ya TANESCO iliandikishwa mwaka 1931. Walakini vijijini watu wengi waliendelea na kibatari na chemli kwa miaka mingi. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, na Wakala wake, REA, ulianza kazi mwaka 2007.

Na mto wetu wenyewe ukaingia katika historia hii. Juu ya mto Rufiji liko korongo lililoitwa kwa jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo huko mwaka 1907. Mwaka 2019 liliwekwa jiwe la msingi la bwawa la Julius Nyerere. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa tayari. Kila mmoja una megawati 235, jumla 2,115. Umeme huo huingia katika gridi ya taifa, ukagawanywa nchi nzima. Tena mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanaitumia.

Basi hatari iko wapi? Nyumba nyingi zilitiwa waya kwa ajili ya taa na redio. Sasa mwenye nyumba ananunua jiko na kulichomeka palepale. Katika ziara zangu niliingia nyumba moja ambayo jiko la sahani mbili lilichomekwa katika waya wa kuunganishia, pamoja na friji. Plagi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa. Mwenyewe akanambia, "Jiko hili bovu." Jiko lilikuwa zima. Njia ndiyo iliyokuwa bovu.

Tufanye hesabu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Gawa wati za jiko kwa 230, utapata ampea. Sahani moja ya wati 2,000 hutaka ampea 9 kasoro kidogo. Sahani mbili za wati 3,500 kwa jumla hutaka ampea 15, na soketi ya kawaida huchukua 13 tu. Jiko kubwa la sahani nne na tanuri, la wati 9,200, hutaka ampea 40. Jiko kama hilo halichomekwi kwenye soketi. Yafaa liwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, wa milimita mraba 6 au 10 kwa kadiri ya urefu wa njia, na swichi yake kubwa, na kikata umeme chake. Hapana budi liwe na waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Naye apime waya wa ardhi, maana mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri.

Jiko likikataa kufanya kazi, fuateni njia, msianze na jiko. Tazama kwanza kama uniti za LUKU zimekwisha, kisha kikata umeme, kisha swichi. Sahani moja ikiwa baridi na nyingine ni moto, ugonjwa umo katika sahani ile au swichi yake. Jiko likipika polepole wakati wa jioni, huenda volti zimepungua: zikishuka kutoka 230 hadi 190, joto hubaki kama theluthi mbili tu. Kikata umeme kikianguka kila uwashapo, huenda waya fulani umegusa bati, au maji yameingia. Usikiinue mara kwa mara, wala usitie msumari mahali pa fyuzi. Hicho ndicho moshi wa umeme, kinakuonya. Jiko likikutetemesha mkono, zima umeme wote, umwite fundi. Nanyi wa delta, hewa yenu ya chumvi hutia kutu viungo vya waya. Fundi avikague na kuvikaza, umeme ukiwa umezimwa.

Sasa zimeni redio mjibu pamoja:

1. Kwa nini moto wa kuni huonekana hatari yake, na wa umeme hujificha?
2. Albert Marsh alitibu ugonjwa gani wa jiko?
3. Jiko la wati 4,600 hutaka ampea ngapi? Je, linafaa kuchomekwa katika soketi ya ampea 13?
4. Leo ukirudi nyumbani, shika plagi kwa nje baada ya kupika. Ikiwa ni moto, utafanya nini?

Kwaherini, hadi somo lijalo.