Umangi wa Miaka Kumi Chini ya Mlima Meru

Umangi wa Meru, yaani uchifu, ni wa kale, lakini ule ambao Wameru waliutengeneza wenyewe, wakamchagua mtu wa kuukalia na kuuwekea masharti, uliishi miaka kumi tu: tangu 1953 hadi 1963. Arusha tunapohadithiana historia, miaka hiyo hupitwa mbio. Husimuliwa kesi ya ardhi iliyofika Umoja wa Mataifa, kisha uhuru, na kilichokuwa katikati kinaachwa. Naona hiyo ni dhuluma kwa watu waliofanya jambo gumu mno: kumng'oa mtawala aliyelindwa na serikali ya kikoloni, kisha kuujenga utawala upya badala ya kuuacha ukiwa magofu.

Simulizi za Wameru zinasema wazee wao walitoka Usambara. Walikaa miteremko ya kusini-mashariki ya mlima, wakapanda migomba na kuchimba mifereji ya kushusha maji vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba. Mangi alitoka ukoo wa Kaaya. Hata hivyo kihamba kilikuwa mali ya ukoo uliokilima, na kila ukoo ulikuwa na mshili wake wa kuusemea. Mangi asiyesikilizana na washili alibaki na jina tu.

Uwiano huo ulivunjwa kwa bunduki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri na vijana wa rika la Talala, rika la wapiganaji wa Waarusha na Wameru. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani alitoka Moshi na askari wake, akiandamana na wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Moshi, siku moja na Mangi Meli na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Arusha. Wakati huohuo Waarusha na Wameru walikuwa wakilazimishwa kujenga boma la Wajerumani mjini Arusha, jengo ambalo leo ni makumbusho.

Tangu hapo mangi alisimikwa kwa ridhaa ya boma. Kazi yake ikawa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi za lazima. Walikuwapo wema na wabaya, lakini wote walikaa kiti kimoja, na miguu ya kiti hicho ilikuwa serikalini. Huku chini mashamba ya walowezi, wakiwemo Makaburu kutoka Afrika Kusini, yaliuzunguka mlima. Watu waliongezeka vihambani, mifugo ikakosa njia ya kwenda malishoni. Wameru wakachanga fedha wakanunua mashamba mawili ya walowezi, namba 31 na 328, ili wafike Ngare Nanyuki. Yaani walitoa fedha kununua ardhi iliyokuwa yao.

Mwaka 1947, Waingereza wakiwa wameshachukua nafasi ya Wajerumani, tume ya ardhi ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ukanda kati ya Meru na Kilimanjaro utengwe kwa ufugaji wa Wazungu. Wameru wa Ngare Nanyuki na Leguruki waliambiwa wahamie King'ori. Walikataa, wakakataa na fidia. Novemba 1951 polisi waliwatoa kwa nguvu, nyumba zikateketezwa. Watu wapatao 3,000 walipoteza makazi ili wapishe mashamba 13 ya walowezi.

Mangi wa wakati huo, Sandi, alionekana yuko upande wa serikali. Hapo ndipo umangi wa kikoloni ulipokufa, miaka kumi na miwili kabla ya sheria kuufuta. Watu waliacha kumtii. Walikusanyika chini ya Meru Citizens' Union, wakachangishana, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mwanasheria wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Kirilo ndiye Mtanganyika wa kwanza kusimama pale. Nyerere alifika miaka mitatu baadaye. Azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na wengi hufunga kitabu hapo wakisema Wameru walishindwa.

Nyumbani hawakushindwa. Sandi aling'oka. Mwaka 1953 Meru ilipata katiba mpya yenye mabaraza ya kuchaguliwa, na Sylvanus Kaaya akachaguliwa kuwa mangi. Tazama walivyoamua: ukoo ulibaki ule wa zamani, lakini idhini sasa ilitoka kwa watu. Waliotaka kuufuta umangi kabisa wangekuwa na kila sababu, baada ya yale ya 1951. Wameru walichagua kuutwaa tena kutoka serikalini, na kwangu huo ndio ushindi mkubwa zaidi wa kesi ile. Walifanya hivyo mwaka mmoja kabla ya TANU kuzaliwa.

Anguko lake halikuwa na damu. Baada ya uhuru serikali mpya ilitaka taifa moja lenye uongozi mmoja, na mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu Tanganyika nzima. Mangi aliyechaguliwa alifutwa sawasawa na chifu aliyepachikwa na wakoloni. Naelewa kwa nini Nyerere aliona lazima iwe hivyo. Machifu wengi walikuwa wamezoea kuwa mkono wa mkoloni. Lakini Meru ilistahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa swali ambalo sheria ile ilikuwa inalijibu, nani anampa kiongozi madaraka, watu wa mlimani walikuwa wamekwisha kulijibu tangu 1953.