Ufungaji wa seli za insulini katika polima

Ufungaji wa seli za insulini katika polima ni mbinu ya kuzingira seli zinazotoa insulini kwa utando mwembamba, ili zipandikizwe mwilini mwa mgonjwa wa kisukari bila kushambuliwa na mfumo wa kinga.

Seli hizo, ziitwazo seli beta, hupatikana katika visiwa vya Langerhans ndani ya kongosho. Matundu ya utando yanatakiwa kupitisha glukosi, oksijeni na insulini, lakini yazuie kingamwili. Uzito wa molekuli ya insulini ni dalton 5,800 hivi, kumbe kingamwili za aina ya IgG hufikia 150,000. Mbinu yote inategemea tofauti hiyo.

Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walieleza katika jarida la Science kwamba visiwa vya panya vilivyofungwa viliendelea kufanya kazi maabara kwa zaidi ya wiki 15. Vilipopandikizwa katika panya wenye kisukari, viliondoa hali hiyo kwa wiki 2 hadi 3 tu. Vijifuko vyao vilikuwa vya alginati, inayotokana na mwani wa kahawia (si mwani mwekundu unaolimwa Zanzibar, ambao hutoa karajenani), pamoja na polima mbili zilizotengenezwa na binadamu: polilisini na polietilenimini. Polima hizo zina chaji chanya, hivyo hushikamana vizuri na alginati yenye chaji hasi. Lakini chaji hiyohiyo huzifanya zing'ang'anie utando wa seli na kuudhuru, hasa polietilenimini. Baadaye tabaka la nje lilibadilishwa kuwa la alginati, na vijifuko vikadumu zaidi.

Ili kupima athari ya polima, seli huwekwa kwanza katika glukosi kidogo, halafu katika glukosi nyingi, na insulini iliyotoka hulinganishwa na ile ya seli zisizofungwa. Kupima jumla yake peke yake hakutoshi. Seli zilizofungwa zinaweza kutoa kiasi kilekile lakini kwa kuchelewa, kwa kuwa glukosi inapaswa kwanza kuingia na insulini kutoka. Kwa mgonjwa, insulini inayochelewa huacha sukari ipande baada ya chakula, na ikiendelea kutoka wakati sukari imeshashuka, inaweza kuishusha kupita kiasi.

Tatizo lingine ni oksijeni. Ndani ya kijifuko hakuna mishipa ya damu, hivyo seli za katikati ya kisiwa kikubwa hufa kwanza. Mwili nao ukikifunika kijifuko kwa tishu za kovu, hata seli za pembeni hukosa hewa.