Kamani: Kutoka Saa ya Ukutani hadi Zuhura
Kamani hii, yaani utepe mwembamba wa chuma uliojiviringisha ndani ya kikopo, huweka nguvu ya mkono uliotia saa ufunguo na kuiachilia polepole kwenye magurudumu ya meno, kama kamani zilivyofanya katika saa za Ulaya tangu karne ya 15. Imehifadhiwa kwa sababu mwaka 2015 Jonathan Sauder, mhandisi wa NASA, alianza kusanifu AREE, gari la utafiti ambalo kamani zake zingejazwa na pangaboi linalozungushwa na upepo wa Zuhura, sayari yenye joto la nyuzi 460 za Selsiasi, ambako Venera 13 ya Kisovieti, chombo imara kwelikweli, ilifanya kazi kwa dakika 127 tu mwaka 1982.