Kwa Nini Mfupa Huunga na Jino Haliungi

Ni rahisi kudhani kwamba tishu iliyo ngumu zaidi ndiyo iliyo salama zaidi. Mwili wa binadamu unakanusha dhana hiyo. Enameli, ganda la nje la jino, ni ngumu kuliko tishu nyingine yoyote mwilini, na takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Mfupa una madini kiasi cha theluthi mbili tu; sehemu iliyobaki ni nyuzi za kolajeni na maji. Hata hivyo mfupa uliovunjika huunga, ilhali enameli iliyotoboka hubaki na tundu. Hoja yangu ni kwamba kinachoamua kupona si ugumu, bali ni kama seli zilizoijenga tishu zingali hai na zinaweza kuifikia.

Tuangalie muundi uliovunjika. Damu huvuja na kuganda kati ya vipande. Baadaye seli kutoka kwenye utando unaofunika mfupa na kutoka kwenye uboho hukusanyika hapo, zikatengeneza nundu ya gegedu laini ambayo hugeuka taratibu kuwa mfupa mbichi. Nundu hiyo huweza kupapaswa kwa vidole, na daktari akiiona kwenye picha ya eksirei hujua kwamba mfupa umeanza kushika. Kisha, kwa miezi na hata miaka, seli zinazomumunya mfupa huipunguza nundu, na seli zinazojenga huupanga mfupa upya kufuata uzito unaobebwa, kanuni aliyoieleza Julius Wolff mwaka 1892. Ukarabati huu si kazi ya dharura tu. Kila mwaka mtu mzima hufanya upya karibu asilimia 10 ya mifupa yake, hata pasipo jeraha lolote.

Enameli haina bahati hiyo, kwa kuwa seli zinazoiumba hupotea jino linapochomoza. Dentini iliyo chini yake ina hali tofauti: seli zake hubaki hai zikiuzunguka moyo wa jino, na jino likilika polepole huongeza ukuta mpya kwa ndani. Tofauti hiyo, ndani ya jino moja, ndiyo ushahidi ninaouthamini kuliko wote.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mate huirudishia enameli madini yake. Ni kweli, doa jeupe la mwanzo wa kuoza huweza kukazwa tena. Lakini huko ni kujaza madini kwenye muundo uliopo. Pakishatoboka, mate hayajengi chochote. Pingamizi zito zaidi ni la mamba, anayeotesha meno maisha yake yote, na la panya, ambaye meno yake ya mbele hayaachi kukua. Mamba, hata hivyo, haponyi jino. Analiacha na kuotesha jingine, kwa sababu taya lake limehifadhi seli chipukizi. Panya naye amezihifadhi kwenye shina la jino. Tembo, kinyume chao, hupata magego sita tu kwa zamu katika kila upande wa kila taya, na la mwisho likiisha hana tena cha kutafunia.

Floraidi inaonyesha upande wa pili wa hoja hii. Katika baadhi ya maeneo ya miteremko ya Mlima Meru, maji yana floraidi inayozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yangali yakiumbika ndani ya taya hutoka na meno ya kahawia, na kuhamia penye maji safi hakuyarudishii weupe. Mtu mzima anayefika huko meno yakiwa yamekwisha kuota hapati madoa hayo. Lakini mifupa yake haina kinga hiyo: kwa kuwa hujengwa upya daima, huipokea floraidi mwaka baada ya mwaka, na akinywa maji yenye kiwango kikubwa kwa muda mrefu, viungo na uti wa mgongo huweza kukakamaa.