Makutano Gani?

Kwenye steji ya Kitale, makanga wa matatu zinazoelekea kaskazini huita "Makutano! Makutano!" na abiria hupanda bila kuuliza swali. Kila mtu anajua ni mji ule wa biashara ulio kando ya Kapenguria, kaunti ya Pokot Magharibi, kwenye barabara kuu ya kwenda Lodwar. Likitajwa Meru mjini, jina hilohilo ni la mtaa. Ukisafiri kutoka Nairobi kuelekea Nyeri, Makutano ni pale inapochepuka barabara ya Mwea na Embu. Ndani ya kaunti ya Machakos kuna Makutano nyingine, upande wa Mwala. Sijazitaja zote, wala sidhani kuna haja. Njia mbili zikikutana na mtu akafungua kibanda cha chai, jina limekwisha kujipa lenyewe. Ajabu ni kwamba Webuye, ambako barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kitale inakutana na barabara kuu ya Uganda, haikuambulia jina hilo, ingawa inalistahili kuliko nyingi zilizolipata.

Kinachonivutia ni kwamba mkanganyiko si mkubwa kama mtu angedhani. Jina linarudiwarudiwa na bado mizigo inafika. Wanaoandika programu za kompyuta wana istilahi ya mpango unaowezesha hilo: neimspesi (namespace kwa Kiingereza). Ni eneo lenye mpaka ambamo kila jina hutumika mara moja tu, huku jina lilelile likiwa huru kutumika tena katika eneo jingine. Ndani ya mpaka, jina fupi linatosha. Ukivuka, lazima utaje na eneo lenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi uko posta. Sanduku nambari 10 la Kitale na sanduku nambari 10 la Bungoma ni masanduku mawili, ya watu wawili, na hakuna aliyewahi kudai mmoja wao abadilishe nambari. Barua ya kwanza huandikwa S.L.P. 10 – 30200 Kitale, ya pili S.L.P. 10 – 50200 Bungoma. Ile 30200 au 50200 ndiyo eneo. 10 ni jina lililomo ndani yake. Karani wa posta ya Bungoma anapogawa masanduku mapya hana sababu ya kumpigia simu mwenzake wa Kitale kumwuliza ni nambari zipi zimekwisha chukuliwa. Hapo ndipo ilipo faida ya mpango wote, na wengi huipita bila kuiona: huondoa ulazima wa kushauriana. Simu za mezani zilifuata njia hiyohiyo, Kitale ikiwa 054 na Bungoma 055, na tarakimu za mwisho zikijirudia bila ugomvi.

Intaneti yenyewe ilianza bila busara hiyo. Majina ya kompyuta zote za mtandao wa ARPANET yaliorodheshwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California. Kila aliyetaka kuongeza kompyuta aliomba jina kwao, na jina likishachukuliwa na mmoja, dunia nzima ilifungiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alichapisha mpango wa kuyagawa majina kwa ngazi, kila ngazi na msimamizi wake. Ndiyo sababu leo serikali ya kaunti ya Bungoma inapatikana kwenye bungoma.go.ke: msimamizi wa .ke, ambaye ni KENIC, anatunza kilichomo ndani ya .ke na hashughuliki na majina yaliyomo ndani ya .ug wala .tz.

Hata hivyo mpaka hauondoi ushindani. Unausukuma ndani tu. Shule za Kenya zina eneo lao, .sc.ke, na humo makutano.sc.ke inaweza kuwa moja tu. Shule itakayowahi kuomba ndiyo itakayolipata jina, na nyingine zitalazimika kuongeza neno: la mji, la kata, au la kanisa lililozianzisha. Wabukusu wanalifahamu tatizo hili siku nyingi. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula, wa kike Nafula, na mvua hainyeshi kwa mtoto mmoja. Darasa la Bungoma lenye akina Wafula watatu ni jambo la kawaida, na kwenye simu za watu wazima wamejaa Wafula Fundi, Wafula Kiminini na Wafula wa Posho Mill.

Sasa, hiyo neimspesi tuiite nini kwa Kiswahili? Tafsiri inayojitokeza kwanza ni "nafasi ya jina", nami siipendi. Mkenya yeyote aliyewahi kujaza fomu akisikia nafasi ya jina anafikiria mstari mtupu unaosubiri kalamu yake, yaani mahali pa jina moja. Istilahi inataka kinyume chake: mahali pa majina mengi, penye mlango na mwenye kupatawala. "Kikoa" lingefaa kwa sauti, na asili yake inapendeza, maana ni shirika la watu wanaokula pamoja kwa zamu. Lakini limekwisha kupewa kazi nyingine, ya jina la kikoa, na istilahi moja kubeba dhana mbili zinazokaribiana ni balaa kwa mwanafunzi. Himaya ya majina? Ina fahari mno kwa faili la mistari ishirini.

Napendekeza "eneo la majina". Eneo lina mpaka, na Mkenya amekwisha kulizoea katika eneo bunge, ambako mpaka ndio unaoamua kura ihesabiwe wapi. Wingi wake ni maeneo ya majina, na linabeba vivumishi bila kulalamika: eneo la ndani, eneo la nje, eneo la sasa. Hili la mwisho ndilo analotumia makanga wa Kitale. Amesimama ndani ya eneo moja, kwa hiyo Makutano inamtosha. Akihamia Bungoma na kupaza sauti vilevile, ataulizwa Makutano gani.

Bado kuna usumbufu wa mpangilio. Kiswahili hutaja kitu kwanza, kisha mwenyewe: Makutano ya Pokot Magharibi, Milimani ya Bungoma. Anwani ya intaneti inakubaliana nasi, na nukta katika bungoma.go.ke inaweza kusomwa kama kihusishi "ya". Lugha ya C++ hufanya kinyume. Huandika std::cout, eneo likitangulia na jina likifuata, na Java nayo huanza na ke kabla ya kufika kwenye bungoma. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili atalazimika kusoma nukta mbili mbili hizo kutoka kulia kwenda kushoto: cout ya std. Wanafunzi watacheka kidogo, lakini wataelewa nani ni wa nani.