Vita vya 1914 Kajiado: historia isiyo na nakala ya akiba

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka kuzungumza juu ya vita, ploti, na diski moja iliyokufa. Mwishoni tutarudi kwenye kompyuta, kwa hiyo msikimbie.

Juzi nilikuwa nikisoma juu ya milima ya Alps kule Ulaya. Kati ya 1915 na 1918 Waitalia na majeshi ya Austria-Hungaria walipigana huko juu kabisa, kwenye theluji. Katika mlima Marmolada wanajeshi wa Austria walichimba njia za kilomita 12 hivi ndani ya barafu, wakaweka humo mabweni, jiko na maghala. Siku hizi barafu inayeyuka kwa sababu ya joto la dunia. Kwenye mlima Scorluzzo, ulio juu ya mita 3,000, barafu ilipojitenga na mwamba watafiti wakakuta kibanda kizima cha wanajeshi: taa, makopo, hata mabaki ya magazeti. Lakini kinachofunuliwa na barafu ndicho kinachoanza kuoza. Kwa hiyo watafiti wanakimbizana na jua kila kiangazi.

Nikajiuliza: na sisi huku? Hatuna barafu (ile ya Kilimanjaro haikupiganiwa). Lakini vita hivyohivyo vilipita hapa kwetu, na mahali vilipopita panatoweka haraka kuliko barafu. Mimi naishi Kitengela. Barabara ninayopanda matatu kila siku inaendelea Isinya, Kajiado, Bissil, hadi Namanga, na ukivuka mpaka unaukuta mlima Longido upande wa Tanzania. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya vita. Nimewauliza majirani kumi hivi. Waliojua ni wawili.

Haya, historia kwa ufupi. Mwaka 1914 upande wetu ulikuwa wa Waingereza na upande wa pili wa Wajerumani. Novemba 1914 Waingereza walipanga kushambulia kwa mikono miwili. Mkono mkubwa, askari 8,000 hivi kutoka India, ulishuka Tanga kwa meli. Mkono mdogo, watu 1,500 hivi, wengi wao Wapunjabi pamoja na walowezi wa Kenya waliopanda farasi, ulitoka upande huu wa Namanga kwenda Longido. Tarehe 3 Novemba walipigana siku nzima kwenye miteremko ya Longido, wakashindwa kuwatoa Wajerumani, na usiku wakarudi nyuma. Tanga nako mambo yaliharibika vibaya zaidi. Baadaye mwezi huohuo Wajerumani waliiacha Longido wenyewe, na Waingereza wakaingia. Machi 1916, Jenerali Smuts alipoanza mashambulizi makubwa ya Kilimanjaro, kikosi kimoja kilitokea Longido kuuzunguka mlima kwa magharibi huku jeshi kubwa likipita Taveta.

Sasa hebu tuangalie upande wa ufundi, kwa sababu hapo ndipo msiba wenyewe ulipo. Jeshi linakula. Reli ya kwenda Magadi, inayotoka Konza na kupitia Kajiado, ilijengwa kwa ajili ya magadi ya ziwani, lakini vita vikaikuta. Kutoka kwenye reli mzigo ulikwenda kwa mikokoteni, kwa nyumbu, na kwa vichwa vya watu. Kadiri vita vilivyosogea kusini, kwenye nchi ya mbung'o, wanyama walikufa na vichwa vya watu ndivyo vikabaki.

Piga hesabu pamoja nami. Chukulia mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Safari ni siku 10 kwenda na siku 10 kurudi. Atakula kilo 20 njiani. Atakayofikisha ni kilo 5. Ili ufikishe mzigo kamili wa kilo 25 unahitaji wapagazi watano. Ongeza siku mbili tu za safari: kwenda 12, kurudi 12. Sasa anafikisha kilo moja! Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo la aina hii: kazi ndogo inayojiita yenyewe, na kila inapojiita inakula kumbukumbu zaidi, mpaka mashine inasimama. Tofauti ni kwamba hapa kilichokuwa kinaliwa ni watu. Suluhisho la wakubwa likawa ni kupunguza chakula cha mpagazi na kuongeza idadi ya wapagazi. Waliokufa kwa kuhara, njaa na nimonia ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Sheria ya 1915 iliruhusu kuwakamata watu kwa nguvu kwa kazi hiyo, na 1917 lilikuja zoezi kubwa la kukusanya wanaume wilaya baada ya wilaya. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza pekee ulitumia watu kama milioni moja, na makadirio mengi ya vifo vya wapagazi yanakaribia 100,000. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tulilimeza likawa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wengi wananunua viondo na nyama choma Kariokor bila kujua wanataja nini.

Babu yake baba yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Machakos 1917. Hakurudi. Nyumbani hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna tarehe.

Hii ndiyo sababu mwaka 2009 nilimwomba rafiki yangu mwenye pikipiki anipeleke Bissil. Nilikuwa na kamera ndogo ya dijitali na simu inayorekodi sauti. Mzee mmoja alitupokea, akatupa chai, kisha akatupeleka kwenye mgongo wa kilima nyuma ya boma lake. Kulikuwa na mawe yaliyopangwa nusu duara, yakifika magotini, yakitazama kusini. Chini kulikuwa na vipande vya chupa nene za kijani na makopo yaliyoliwa na kutu.

“Kijana wangu,” akaniambia, “baba yangu alikuwa akichunga ng'ombe hapa, mtoto mdogo. Aliwaona watu wenye vilemba wakichimba. Aliambiwa asisogee.”

Nilipiga picha sitini na kitu. Nilirekodi dakika arobaini za maneno yake. Nikarudi Kitengela, nikaweka kila kitu kwenye kompyuta yangu, nikaliita folda “Vita”, nikasema nitaandika wiki ijayo.

Wiki ijayo ikawa miaka mitatu. Mwaka 2012 diski ikaanza kupiga kelele kama panya ndani ya kopo, halafu ikanyamaza. Kazi za wateja nilikuwa nazo kwenye nakala ya akiba. Folda ya “Vita” haikuwamo. Mimi, ninayewahubiria watu kila siku juu ya nakala za akiba!

Nikajipa moyo kwamba mawe hayaendi popote. Mwaka jana nikarudi. Mzee alishafariki. Mgongo wa kilima una ua la waya, na kwenye nguzo kuna kibao kinachotangaza ploti za 50 kwa 100. Mawe hayapo. Kijana mmoja aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba yalitumika kwenye msingi wa nyumba, kwa sababu mawe yaliyokwisha kukusanywa ni bahati. Hata mimi ningeyachukua kama nisingejua. Na sasa nikimwambia mtaalamu kwamba pale palikuwa na ngome ya askari wa India, nitamwonyesha nini?

Kabla hujamlaumu mtu, sikiliza. Mimi mwenyewe naishi kwenye ploti ya 50 kwa 100. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake 1988, wakapata hati, na wengine wakauza. Mimi ni mmoja wa watu waliokuja kununua. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Hao wote wanahitaji mahali pa kulala. Barafu yetu inayeyuka kwa sababu tunajenga juu yake.

Nilidhani basi sheria itasaidia. Nikasoma sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Inalinda majengo ya kale moja kwa moja, lakini ukilisoma sharti lake kama mwandishi wa programu utaona hivi:

kama mwaka wa ujenzi < 1895, linda

Mwaka 1895 ndio Waingereza walipotangaza himaya yao hapa. Ngome ya 1914 inakosa sharti hilo kwa miaka 19. Inaweza kulindwa, ndiyo, lakini mpaka waziri aitangaze yenyewe kwenye gazeti rasmi la serikali. Na waziri hawezi kutangaza mahali ambapo hakuna aliyepaandika.

Nikamwambia mtoto wa yule mzee kwamba nataka kuweka kwenye ramani ya mtandao sehemu nyingine mbili anazozijua. Akatikisa kichwa. “Ukiweka hapo, kesho serikali itasema ni pake.” Usicheke. Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904, wakahamishwa tena kwa mkataba wa 1911. Mtu ambaye babu zake waliwekewa karatasi wakapoteza Laikipia ana haki ya kuogopa alama kwenye ramani. Nilifunga simu nikanywa chai yake.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachofanya sasa, na nawe unaweza kukifanya kwenu, iwe ni Taveta, Maktau, Longido au popote vita vilipopita:

Kwanza, omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla hujatoa simu mfukoni.

Pili, piga picha kutoka mbali na karibu, weka kitu cha kupimia kama rula au kalamu, na uache simu iandike mahali na tarehe ndani ya picha.

Tatu, rekodi sauti za wazee katika lugha yao wenyewe. Tafsiri itasubiri. Mzee hasubiri.

Nne, usiokote kitu. Kopo likiondoka mahali pake linakuwa takataka. Na ukiona risasi au bomu, rudi nyuma uite polisi.

Tano, nakala tatu: moja nyumbani, moja kwa ndugu au rafiki, moja mtandaoni. Fanya siku hiyohiyo, si wiki ijayo.

Sita, alama kamili za mahali usizitangaze bila ridhaa ya mwenye shamba. Zile sehemu mbili ninazo, na mwenyewe anazo. Siku akikubali, tutazipeleka Makumbusho ya Taifa pamoja. Asipokubali, picha zitabaki, na anayetaka kujua baadaye atajua pa kuuliza.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya hesabu zake yenyewe. Ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya askari na mpagazi pale Kenyatta Avenue imesimama tangu 1928, na haina jina hata moja la mtu.

Sisi Wakamba tunawapa watoto majina ya mababu. Jina la yule wa 1917 analo kaka yangu, na mtoto wa binamu yangu. Hiyo ndiyo kumbukumbu yote tuliyo nayo juu yake, na imedumu zaidi ya miaka mia moja bila umeme. Mawe ya Bissil hayakupata mtu wa kuyabebea jina. Jumamosi hii narudi huko na diski mbili. Kama una mzee anayejua kilima, nenda kanywe chai naye mapema.